Matundu Manne Sakafuni

Fundi wangu ana kanuni moja: kilicholika kinatoka. Bushi iliyolika inatoka, ringi zilizolika zinatoka, na bei yake utaambiwa baadaye. Kanuni hiyo imetufikisha mbali na hili gari, Land Rover Series III ya bodi ndefu, ya mwaka 1974, iliyotumikia polisi na baadaye ikaachwa chini ya mwembe hapa Tanga kwa zaidi ya miaka ishirini. Imetufikisha mpaka nyuma kabisa, katikati ya mabenchi mawili, kwenye pete ya chuma iliyofungwa sakafuni kwa boliti nne. Pete hiyo imelika upande mmoja tu, ule unaoelekea mlangoni, mpaka imekonda kama pete ya ndoa ya bibi kizee. Kilichoila ni mnyororo wa pingu. Kwa kanuni ya fundi, inatoka. Kwangu mimi ndipo kazi iliposimama.

Niseme kwanza kwa nini mtu mwenye akili zake ananunua gari bovu la polisi. Sisi tuliokulia kwenye riwaya za upelelezi, Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, vitabu vya Bwana Msa vya Muhammed Said Abdulla, Willy Gamba wa Elvis Musiba, tulifundishwa kumpenda mtu anayeshuka garini usiku akiwa na swali mdomoni. Gari linafika, mlango unafungwa, na wewe msomaji unajikunja vizuri kitandani kwa sababu sasa mambo yataanza kunyooka. Nilisoma vile vitabu mpaka vikaachana kurasa. Sikumbuki hata kimoja kilichosimuliwa kutoka benchi la nyuma.

Halafu, bwana, ni gari zuri. Uzuri wake ni wa kitu ambacho hakikuchorwa ili kipendeze. Maurice Wilks alichora wazo la kwanza mchangani, ufukweni Wales, mwaka 1947, na mwaka uliofuata gari lenyewe likaonyeshwa Amsterdam. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilitolewa kwa mgawo, ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa alumini. Chuma kikabaki chini, kwenye chasisi, na mbele, kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Kumbuka hiyo alumini, tutairudia, kwa sababu shida yangu yote imezaliwa hapo.

Hali tuliyolikuta nayo haikuwa ya kusimulia mbele ya watu wenye roho nyepesi. Panya walikuwa wametafuna nyaya na kujenga makao ndani ya kichujio cha hewa. Petroli iliyobaki kwenye tangi ilikuwa imegeuka kitu cha rangi ya chai, kinanuka kama vanishi ya zamani. Mkono wa chasisi upande wa nyuma ulikuwa umeoza kiasi kwamba bisibisi iliingia kama kwenye mkate. Hewa ya bahari haina huruma na chuma. Na injini ilikuwa imeshikana, haizunguki.

Hapo wengi wanaharibu. Wanaleta betri mpya, wanapiga stata, na ringi zilizogandana na silinda kwa kutu zinavunjika palepale. Sisi tulitoa plagi zote nne, tukamimina oili kidogo kwenye kila silinda, tukaenda zetu. Siku ya tano tukaingiza hendeli mbele. Hamna. Wiki ya pili ikasogea kama robo mzunguko. Tukairudisha, tukaipeleka, tukaongeza oili. Kila asubuhi kabla ya chai fundi alikuwa anaizungusha kidogo kwa mkono, taratibu, kama mtu anayemgeuza mgonjwa kitandani asipate vidonda. Nimewaona watu wachache sana wenye subira ya namna ile kwa kiumbe chochote, sembuse kwa chuma cha lita 2.25.

Siku ilipowaka, petroli ilikuwa kwenye chupa iliyoninginizwa juu ya boneti, na mpira mwembamba ukishuka kwenye kabureta. Ikapiga chafya mara mbili, bomba la moshi likatema majani makavu na maganda ya karanga, kisha ikaanza kunguruma. Watoto walipiga makofi. Upande wa pili wa barabara mama mmoja jirani, muuza vitumbua, alikuwa amesimama na beseni lake kichwani. Hakupiga makofi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, halafu akasema: "Nimelisikia kabla sijaliona. Mlio wake haujabadilika." Akaondoka.

Wanafalsafa wana swali wanalolipenda kuhusu mambo haya. Plutarch ameandika juu ya meli ya Theseus, ambayo Waathene waliitunza kwa kubadilisha kila ubao uliooza, mpaka watu wakabishana kama bado ni meli ileile. Nilipomsimulia fundi alinitazama kwa huruma. Kwake swali hilo lina jibu: angalia namba ya chasisi. Serikali nayo ina jibu lake. Lilipokuwa la polisi lilibeba namba za PT. Sasa ni la raia na limepewa namba inayoanza na T kama daladala yoyote, jina jipya, kadi mpya. Mimi naona swali la Waathene lilikuwa jepesi kwa sababu meli yao ilikuwa ya shujaa. Kila aliyeitazama pale bandarini alikuwa upande wake. Je, kama ingekuwa meli ya watumwa? Kuna mtu angekaa kubishana kama mbao ni zilezile?

Maana kulifufua gari ni lazima uchague unalirudisha mwaka gani. Tulipopiga msasa mlango wa dereva, chini ya rangi iliyopauka kikajitokeza kivuli cha herufi: POLISI. Herufi zenyewe zilikwishafutwa, lakini rangi ya chini yake haikupigwa jua sawa na nyingine, ikabaki nyeusi zaidi. Mtu wa magari ya zamani akiona hivyo moyo unamdunda. Anataka herufi zirudi, taa ya bluu irudi juu, king'ora kirudi. Kirudi lini, sasa? Gari la 1974 limepita kwenye mengi. Limefukuza wezi wa ng'ombe, sina shaka, na limewahisha wajawazito hospitali usiku wa mvua, kwa sababu sehemu nyingi lilikuwa gari pekee lenye mafuta. Hayo ni kweli na sitaki kuyapunguza. Na 1983 nayo ni kweli.

Kwa wasomaji wadogo: ule ulikuwa mwaka wa foleni. Sabuni, sukari, unga, vyote kwa kubahatisha. Serikali, Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine, ilianzisha msako wa wahujumu uchumi, ikapitishwa na sheria maalumu, na watu wakawa wanazika sukari au kutupa vitenge usiku kwa hofu ya kukutwa navyo. Wengi waliushangilia msako ule, na tusiwacheke. Ukikaa kwenye foleni tangu alfajiri unamchukia mtu mwenye magunia stoo. Mwaka huohuo ikaja Sheria ya Nguvu Kazi. Hapo hakuguswa mwenye magunia tena. Aliyeguswa ni asiye na kitambulisho cha kazi: machinga, kibarua, mama wa vitumbua. Jijini Dar es Salaam watu walikamatwa mitaani, wakapakiwa, wakarudishwa "kwao" kijijini wakalime, hata kama huko kwao hawakuwa na mtu wala shamba.

Jirani yangu alikuwa mmoja wao. Alikamatwa Dar na sufuria lake la mafuta bado la moto. Gari lililombeba halikuwa hili, lilikuwa jingine la aina hii hii, na hilo analijua vizuri kama mimi. Aliniambia mwenyewe, siku nyingine, bila mimi kuuliza, huku akihesabu chenji yangu.

Sasa ile alumini. Chumvi na unyevu vikiingia kati ya alumini na chuma, metali hizo mbili zinakuwa kama betri ndogo, na anayeliwa ni alumini. Ile pete ni ya chuma, boliti zake za chuma, sakafu ni alumini, na bahari iko hapo Raskazone. Kwa miaka yote ile chini ya mwembe pete ilikuwa ikiila sakafu polepole. Fundi alipogonga kwa nyundo ndogo, eneo lote la kuizunguka, upana wa sinia la pilau, likabomoka likawa unga mweupe. Hakukuwa na la kujadili: kipande kile lazima kikatwe, kiwekwe kingine.

Mpaka hapo msimamo wangu ulikuwa mwepesi na, nasema bila aibu, ulikuwa sahihi: pete ibaki. Gari la polisi lililong'arishwa, lenye viti vipya na redio, bila ule ushahidi wa nyuma, linasema uongo kwa sauti tamu. Tunawajua watu wanaofufua zamani namna hiyo. Wanakumbuka nidhamu, hawakumbuki viboko. Kuiacha pete mahali pake kulikuwa kukataa uongo huo, na hakukunigharimu chochote. Lakini sakafu ikikatwa, neno "kuiacha" halipo tena. Ukitaka pete irudi, unachukua bati jipya, unapima, unatoboa matundu manne kwa drili, unakaza boliti nne. Yaani unaifunga. Kati ya kuacha na kufunga kuna umbali ambao nilikuwa sijaufikiria, na naamini watu wengi wanaotetea makumbusho, sanamu na majina ya mitaa hawaufikirii pia. Tunazungumza kama vitu vya zamani vimekaa tu vyenyewe. Ukweli ni kwamba kila baada ya miaka kadhaa kuna mtu anapaka rangi, anabadilisha boliti, anaziba tundu. Zamani ina mafundi wake, na wanalipwa mwisho wa mwezi.

Nilimuuliza mtu wa kwanza niliyedhani atanielewa, dereva mstaafu wa polisi anayekuja gereji karibu kila Jumamosi. Amelipenda gari hili kuliko mimi. Ndiye aliyenifundisha kulisikiliza gia likiingia. Ndiye anayekumbuka jinsi walivyolisukuma mlimani enzi za shida ya mafuta, wakati magari binafsi yalikatazwa barabarani Jumapili mchana na wao wakawa peke yao kwenye lami. Nilidhani atataka pete iondoke, ajihifadhi. Alichukua muda akifuta mikono kwa kitambaa.

"Rudisha," alisema. "Mimi nimefunga watu hapo, mwalimu. Wengine wezi kweli, wengine sijui. Gari likiwa safi wajukuu wataniuliza ulikuwa unafanya nini polisi, nitasema nilikuwa dereva. Ni kweli nilikuwa dereva. Lakini nilijua nimebeba nini."

Sijui kama nimewahi kusikia mtu akiongea kwa uaminifu zaidi kuhusu kazi yake. Ningeweza kuishia hapo, nitoboe matundu manne kwa baraka zake. Hata hivyo niliona si haki kumuuliza aliyeketi mbele, nisimuulize aliyeketi nyuma.

Mama wa vitumbua alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimweleza habari ya uongo na ukweli, habari ya kumbukumbu, habari ya vijana wasiojua. Nilijieleza vizuri, hiyo ndiyo kazi yangu. Akaniuliza: "Wa kwanza aliyeifunga alikuwa na amri. Wewe mwanangu, una amri ya nani?"

Nikasema hakuna atakayefungwa pale, ni ya ukumbusho tu.

"Mimi sijasahau," akasema. "Unamkumbusha nani?"

Nimelizungusha swali hilo kama fundi alivyoizungusha injini. Jibu la haraka ni kwamba namkumbusha asiyejua, si yeye. Ni jibu zuri kwa makumbusho. Mwaka 2001 jumba la makumbusho la Henry Ford huko Michigan lilinunua kwa mnada basi la Montgomery, namba 2857, lile ambalo Rosa Parks alikataa kuinuka kwenye kiti chake tarehe 1 Desemba 1955. Basi hilo lilikuwa limetupwa shambani Alabama kwa miaka mingi, likitumika kama stoo. Walilipa dola 492,000, wakalitengeneza lirudi kuwa kama mwaka ule. Sina ugomvi na kazi hiyo hata kidogo. Pale kuna mlango, tiketi, na mtu wa kukueleza. Unaingia ukijua unaingia kwenye nini. Na zaidi ya yote, kiti kile hakikumbushi kushindwa. Aliyekikalia ndiye mwenye hadithi.

Au tazama alichofanya msanii Ralph Ziman na Casspir, lile dude la kivita la polisi wa Afrika Kusini ya ubaguzi lililokuwa likizunguka vitongojini. Alilivika shanga mwili mzima, kwa mikono ya mafundi wa shanga, mpaka likawa kama vazi la sherehe. Hakuna anayeweza kuliona akadhani linakuja kumkamata. Ametoa hofu na kuacha umbo.

Gari langu halimo kwenye fungu lolote kati ya hayo. Linakwenda barabarani. Hilo ndilo lengo zima, na ndilo linalobadilisha hesabu. Makumbusho yanamngoja mtu aje. Barabara inampelekea mtu kitu ambacho hakukiomba. Litapita stendi, litapita sokoni Ngamiani, litasimama kwenye taa nyuma ya bodaboda. Halina kibao cha maelezo. Mama mmoja na beseni lake atalisikia kabla hajaliona, na kwa nusu dakika, kabla hajajua ni mwalimu tu anakwenda kununua samaki, mwili wake utakuwa umekwisha kurudi 1983. Nina haki gani na hiyo nusu dakika yake? Kumbukumbu anayo tayari, na nyingi kuliko zote kwenye makabati ya taifa. Nikimwongezea, simpi ukweli wowote. Namtumia yeye kuwasomesha wengine, bila kumlipa, na pengine bila kumsalimia.

Kwa hiyo herufi hazirudi mlangoni. Taa ya bluu na king'ora vimebaki kwenye sanduku, na si kwa sababu ya sheria peke yake, ingawa kujifanya polisi ni kosa na ni vizuri iwe hivyo. Rangi tuliyochagua ni ya mchanga, rangi ya gari la shamba la mkonge, ambayo kwa mtu wa mkoa huu haisemi kitu kibaya sana. (Mkonge nao una habari zake, najua. Ukitafuta rangi isiyo na dhambi utaendesha gari lisilopakwa.) Mlio siwezi kuubadilisha. Fundi alisema tunaweza kuweka injini ya Toyota, lingekwenda vizuri zaidi na petroli lingekunywa kidogo. Nilikataa, na kukataa huko sikuwezi kukutetea kwa hoja yoyote niliyoiandika hapa. Nataka lisikike hivyo. Jirani yangu anajua kuwa nataka.

Kuhusu pete, Afande hakukubaliana nami, na anayo haki. Anasema nimechagua kumhurumia mtu mmoja na kuwaachia wengine mia waanze kusahau. Nilimwambia ukweli alionieleza pale gereji, akiwa na kitambaa mkononi, una uzito kuliko pete yoyote, na kwamba angewaeleza wajukuu zake hivyohivyo, kwa mdomo wake, bila kungoja wapande garini waone chuma. Alicheka. Alisema mdomo ni mgumu kufungua kuliko boliti yenye kutu. Sijui kama amewaeleza. Si jambo la kumuuliza mzee mara mbili.

Sakafu mpya ni bati zima, halina tundu. Kipande cha zamani hakikutupwa: fundi alikikata kikiwa kizima, pete ikiwa bado imekazwa juu yake, unga mweupe ukiizunguka, na kivuli cha miguu ya mabenchi pembeni. Naona ni ushahidi bora kuliko ule ambao ningeufunga mwenyewe, kwa sababu hapo hakuna boliti hata moja niliyoikaza mimi. Kimeegemezwa ukutani gereji, nyuma ya matairi. Anayetaka kukiona anaingia mwenyewe, na atamkuta fundi, ambaye atamweleza ni nini, kama ana muda. Vijana wa vyuma chakavu wamekiulizia mara tatu. Alumini ina bei kuliko chuma, kwa hiyo wanataka kwanza vitenganishwe, na fundi anawaambia wakae wasubiri. Sasa hivi ana kazi ya breki za nyuma. Silinda mbili bado zinavuja, na mpaka zipone gari haliendi popote.